Saini ya Wasila

Wasila hupika katika shule moja ya Kram, mji mdogo wa pwani. Kila siku saa tisa alasiri hurudi nyumbani kwa miguu, akinuka kitunguu, mkononi ana mikate miwili na sardini za mumewe. Nyumba yao ni ndogo. Iko katikati ya safu ya nyumba kumi na moja zilizoshikana kuta, hatua chache kutoka kituo cha treni. Bahari iko nyuma ya barabara ya pili. Ukipiga chafya sebuleni, jirani wa kulia anakujibu, "Mungu akurehemu."

Jumanne moja Wasila alifika akakuta maandishi mekundu ukutani, bado yananuka rangi: INAUZWA. Chini yake palikuwa na namba ya simu. Aliijua sana namba ile. Ilikuwa ya kaka yake, Munji.

Damu ilimpanda kichwani. Alipiga simu pale pale mlangoni.

"Munji! Nani kakutuma kuchora ukuta wangu?"

"Ukuta wako tangu lini?" Munji alicheka. "Hiyo nyumba ya baba. Nimechora asubuhi, mchana nimeshapata mteja. Alhamisi tunaandikiana. Anzeni kufunga vyombo."

"Bila kuniuliza?"

"Nikuulize nini, dada? Si ulishatia saini?"

Akakata simu.

Wasila alikaa kitako, akakumbuka. Mama yao alikuwa na wiki moja kaburini. Munji alikuja na karatasi. "Ni mambo ya mita ya maji na umeme," alisema. "Kupanga foleni niachie mimi." Wakaenda manispaa. Karani akamsogezea Wasila karatasi. Wasila anajua kusoma vizuri tu. Lakini kwao, kusoma karatasi mbele ya kaka yako ni kumwita mwizi hadharani. Basi alitia saini, karani akapiga mhuri, wakatoka. Munji akampa nakala, naye akaitia kabatini bila kuitazama.

Mumewe Nuri, mkata tiketi wa treni, alirudi jioni akamkuta akizunguka sebule kama aliyepoteza kitu.

"Nyamaza tu, mke wangu," Nuri alisema. "Dada hamdai kaka yake urithi. Watu watasema nini?"

"Watu!" Wasila alipiga sufuria mezani. "Watu ndio waliomgeuza mama kitandani miaka minne? Munji alikuja sikukuu tu! Alikula, akafuta mdomo, akaenda zake!"

Ukuta wa kulia uligongwa mara tatu.

"Wasila!" sauti iliita. "Ama upige kelele nielewe, ama uje unieleze!"

Alikuwa Bi Radhia, mjane wa miaka sabini. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa mwandishi wa hati kwa miaka thelathini. Hati za nyumba nusu ya Kram zilipita mikononi mwake. Wasila na Nuri wakaenda kwake. Walimkuta akimenya njegere.

"Nakala unayo?" aliuliza baada ya kusikiliza.

Wasila alikimbia kuileta. Bi Radhia akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "'Nampa kaka yangu uwakala kamili: kuuza nyumba, kupokea bei, na kutia saini kwa niaba yangu.'" Akavua miwani. "Maji yako wapi hapa? Umeme uko wapi? Mwanamke mzima unatia saini umefumba macho!"

"Alikuwa kaka yangu!"

"Na bado ni kaka yako. Ndiyo maana kakuweza."

Wasila alilia. Hayakuwa machozi ya huzuni. Alilia kwa hasira, na nusu ya hasira ile ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Kwa hiyo nyumba imekwenda?"

"Nani kasema? Futa uso, unisikilize. Wazazi wenu wamefariki, mmebaki wawili. Kwa sheria yetu theluthi mbili ni za Munji, theluthi moja ni yako. Fungu lake anaweza kuliuza. Fungu lako haliuzi mtu bila wewe, ila uwe umempa uwakala. Nawe umempa. Basi mnyang'anye."

"Nitamnyang'anyaje?"

"Alichopewa kwa karatasi hunyang'anywa kwa karatasi. Kufoka kwenye simu si kitu. Unaandika kwamba umeufuta uwakala ule. Unatia saini manispaa, wanapiga mhuri. Kisha tarishi wa mahakama anampelekea Munji mwenyewe, na tarehe inaandikwa, asije akasema hakujua. Nakala moja unaipeleka ofisi ya ardhi, nyingine kwa mwandishi wa hati anayeandaa mauzo. Yote kabla ya Alhamisi! Akishauza kwa karatasi hii, kumfuata mnunuzi ni safari ndefu ya mahakamani, na hujui kama utafika."

Nuri alikohoa. "Lakini Bi Radhia, aibu..."

"Aibu ni ya aliyedanganya, Nuri. Kesho omba ruhusa kazini uende na mkeo."

Jumatano asubuhi walikuwa wa kwanza manispaa. Karani aliitazama karatasi, akatikisa kichwa.

"Kaka yako huyu? Si mngezungumza nyumbani?"

"Piga mhuri, mwanangu," Wasila alisema.

Lakini kabla ya kutia saini aliisoma mara mbili, kidole chini ya kila mstari. Foleni ikanung'unika. Na inung'unike. Kutoka pale walikwenda kwa tarishi, kisha ofisi ya ardhi, kisha kwa mwandishi. Miguu iliwawaka moto.

Jioni Munji aliingia bila hodi, barua ya tarishi mkononi, uso umemwiva.

"Umenipeleka mahakamani! Mimi! Ndugu yako wa tumbo moja!"

"Sikukupeleka mahakamani. Nimekunyang'anya kalamu."

"Mteja atakimbia!"

"Akimbie. Kama anaitaka nyumba, ataniuliza na mimi."

"Kwani wewe unataka nini hasa?"

"Nataka kuulizwa!" Wasila alipaza sauti, na safu nzima ilimsikia. "Nilifua shuka za mama miaka minne, hukuniuliza hata kama nimechoka. Leo unauza paa lililo juu ya kichwa changu, pia huniulizi. Sikatai kuuza, Munji. Nakataa kuuzwa pamoja na nyumba!"

Munji alimgeukia Nuri, mwanamume mwenzake, amsaidie.

"Anasema kweli, shemeji," Nuri alisema.

Munji akatoka, mlango nyuma yake ukalia.

Mteja hakukimbia. Nyumba ndogo karibu na bahari hazipatikani ovyo. Mwezi mmoja baadaye wote walikaa mbele ya mwandishi wa hati, Bi Radhia ubavuni mwa Wasila. Safari hii walikuja na hati ya mahakama yenye majina ya warithi, na mkataba ulikuwa na wauzaji wawili. Wasila aliusoma wote kwa sauti, kurasa sita. Munji alipiga vidole mezani. Kwenye ukurasa wa nne Wasila alisimama.

"'Wauzaji watahama ndani ya siku tatu.' Siku tatu? Nani kaweka hii?"

Mnunuzi alimtazama Munji. Munji alitazama dari.

"Miezi mitatu," Wasila alisema.

Mnunuzi akakubali, mwandishi akabadilisha. Wasila akataka pia cheki ya fungu lake iandikwe jina lake mwenyewe, na ikaandikwa. Cheki hiyo, pamoja na akiba ya Nuri, ndiyo iliyokuja kuwanunulia vyumba viwili kule Radès, mji wa jirani, na hati ya vyumba hivyo ina jina la Wasila.

Alipomaliza kusoma alitia saini, kisha akamsogezea kaka yake kalamu. Munji aliichukua haraka, akafungua ukurasa wa mwisho.

"Soma kwanza," Wasila alisema.

"Ah, dada! Si umeshatusomea? Mimi nakuamini."

"Hata mimi nilikuamini, Munji. Soma."

Munji akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma.