Mwindaji Aliyengoja

"Cherehani yangu iko wapi?"

Mwindaji aliinua macho kutoka kwenye viatu vya porini alivyokuwa akivipanga. Mchumba wake wa zamani, fundi cherehani, alikuwa amesimama dukani, katikati ya mahema na darubini.

"Karibu kwanza. Umependeza."

"Napata usingizi siku hizi. Hakuna wa kuniamsha alfajiri tukatafute nyayo za swala."

Duka lile lilianza kama mchezo. Mwindaji alikuwa na kichaa cha porini. Kila Jumamosi alitia kibali chake mfukoni akashika njia. Fundi akamshonea hema lisilovuja. Marafiki wakaomba kufuatana naye, kisha marafiki wa marafiki. Mahema yakaongezeka, matembezi yakazaa duka. Siku mwandishi wa gazeti alipomhoji, alisema mahema ameyabuni mwenyewe. Fundi alisoma, akafunga virago, akahamia kwa dada yake, mtaa wa pili.

"Nilikuwa nakungoja," Mwindaji alisema.

"Ulikuwa unaningoja?"

"Mnyama akijeruhiwa hafuatwi papo hapo. Ukimkimbiza, atakwenda mbali. Ukitulia, utamkuta amelala karibu. Nikasema niache hasira zipungue."

Fundi alicheka kicheko kikavu.

"Kumbe mwenzangu ulinifanya swala!"

"Sikumaanisha hivyo."

"Na nililala karibu kweli. Mlango ukigongwa, dada ananinong'oneza, 'Shemeji huyo, nuna kidogo.' Nanuna. Kufungua, muuza maziwa! Ungekuja, hata kwa kunigombeza, ningerudi."

"Basi rudi. Nitaandika jina lako juu ya mlango."

"Jumamosi naolewa."

Simu ya Fundi iliita.

"Naam, mpenzi. Nakuja, nachukua cherehani tu."

Mwindaji aliibeba mwenyewe hadi kwenye teksi iliyokuwa ikimngoja Fundi nje. Gari likaondoka, naye akasimama pale kando ya barabara, ametulia tuli kama alivyozoea kutulia kichakani. Halafu akatoka mbio. Alipita kinyozi, akapita duka la dawa, akamkumba mtu na mfuko wake wa viazi.

"We mzee, unafukuzwa na nini?" mtu yule alifoka.

Teksi ilikuwa imesimama kwenye taa nyekundu. Aligonga kioo, Fundi akakishusha.

"Usiniombe nirudi."

"Sikuombi," Mwindaji alisema huku akihema. "Mahema yalikuwa yako. Nilidanganya. Halafu nikaona aibu kuja kukutazama usoni, aibu hiyo nikaiita subira. Sikuwa nangoja hasira zako zipungue. Nilikuwa nakuogopa. Nisamehe."

Fundi alimtazama.

"Maneno hayohayo," alisema, "ungeyaleta mtaa wa pili tu."

"Najua."

Taa ilibadilika. Dereva aligeuka.

"Dada, twende?"

"Nimekusamehe," Fundi alimwambia Mwindaji. Kisha akamjibu dereva, "Twende."

Magari ya nyuma yalianza kupiga honi. Mwindaji akasogea pembeni kuyapisha.