Sentensi Aliyoifuta Swalihu

Kila siku kengele ya saa tisa ilipolia, Yudith alivuka uwanja wa shule yao ya Makole, akaenda moja kwa moja chumba cha kompyuta. Alikuwa kidato cha kwanza, na kazi yake katika klabu ya kompyuta ilikuwa kuandika. Klabu ilikuwa imetengeneza msaidizi wa akili unde anayejibu ujumbe wa simu. Mtu akitumiwa linki asiyoiamini, aliituma kwa msaidizi huyo, naye akaitafuta kwenye orodha kubwa ya linki za matapeli, kisha akamjibu.

Lakini msaidizi hafanyi lolote mpaka aandikiwe. Yudith ndiye aliyemwandikia maelezo: orodha inaulizwaje, na kila jibu lina maana gani. Sentensi iliyomgharimu siku mbili za kufikiri ilikuwa hii: "Linki isipokuwemo kwenye orodha, usiseme ni salama, kwa sababu matapeli hutengeneza mpya kila siku. Sema: Hatujui, usiifungue kwanza."

Jumanne aliyafungua maelezo yake, akakuta sentensi ile haipo. Mahali pake paliandikwa: "Isipokuwemo, ni salama."

"Nani kafuta hapa?"

"Mimi," alisema Swalihu, mwenyekiti wa klabu, bila kuinua macho. "Ijumaa tuna wageni. Unataka mashine yetu iwaambie haijui? Itaonekana ya kijinga."

"Lakini huu ni uongo!"

"Wewe kazi yako kuandika tu. Mwenyekiti ni mimi."

Wenzao wakacheka. Yudith alihisi masikio yanawaka moto. Mwalimu Bartolomayo, mlezi wa klabu, alikuwa ofisini, hatua chache tu kutoka pale. Hakwenda kwake. Alichukua mkoba akaondoka, akijisemea kimoyomoyo: wajuaji na wajue wenyewe, yakiwaharibikia watanikumbuka.

Alhamisi jioni alimkuta shangazi yake, Priska, ameketi kibarazani, vumbi la mahindi bado liko kwenye kanga. Shangazi aliuza mahindi sokoni Majengo, na kanisani alikuwa katibu wa kwaya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Njoo hapa." Sauti ilikuwa kavu. "Asubuhi nimetumiwa linki, eti fomu ya mbegu za ruzuku. Nikasema nisikurupuke. Nikaituma kwa huyo msaidizi wenu. Unajua alinijibu nini?"

Yudith aliutua mkoba wake chini.

"Salama! Nikafungua, nikajaza zile namba za uthibitisho zilizoingia kwenye simu. Hapo hapo wasapu yangu ikachukuliwa. Sasa kuna mtu anawaandikia watu kwa jina langu, anawatumia linki ile ile. Wanakwaya wanne wameshanaswa. Mama Ernest, mmoja wao, kanifuata mpaka kwenye magunia yangu, ananiita tapeli mbele ya wateja. Mimi, Priska!" Alipiga goti kwa kiganja. "Nani kaiandikia uongo ile mashine?"

"Swalihu!" Yudith alifoka, machozi yakimlenga. "Alifuta sentensi yangu! Nilijua tu hili litatokea!"

Shangazi alimgeukia.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumanne."

"Ukamwambia nani?"

Yudith alijifuta machozi.

"Na leo ni Alhamisi," alisema shangazi, safari hii taratibu, na upole huo ulimuuma Yudith kuliko makelele.

Asubuhi, kabla ya kwenda mstarini, alibisha hodi ofisini kwa Mwalimu Bartolomayo. Alieleza yote, hata kunyamaza kwake. Mwalimu alimwita Swalihu.

"Nilitaka tuonekane vizuri mbele ya wageni, mwalimu."

"Shangazi yangu anaitwa tapeli ili wewe uonekane vizuri!" Yudith alimgeukia, ngumi amezikunja.

"Kimya, wote wawili!" Mwalimu naye alikuwa amekasirika, mshipa umemtoka kwenye paji la uso. Kwanza alimzima msaidizi. Kisha alimpigia shangazi simu, akamwelekeza kusajili namba yake upya, kuweka namba ya siri ya ziada, na kuwaelekeza wanakwaya wafanye vivyo hivyo. Hadi saa sita mchana wote watano walikuwa wamerudishiwa akaunti zao. Linki ile iliingizwa kwenye orodha, na wageni waliambiwa waje wiki inayofuata.

Baada ya masomo mwalimu aliwapeleka Majengo. Swalihu alisimama kati ya magunia, akamwambia Mama Ernest, ambaye shangazi alikuwa amemwita, wateja wakisikia, kwamba kosa ni lake, si la Priska. Mama Ernest alimsema vikali mpaka akainamisha kichwa, kisha akamgeukia shangazi na kumwomba radhi.

Nje ya soko mwalimu aliwasimamisha.

"Swalihu, uliona aibu kusema 'hatujui', ukaweka uongo mahali pake. Mtu hadharauliki kwa kukiri asichokijua. Anayestahili dharau ni yule anayewahakikishia watu jambo ambalo hajalihakikisha." Akamgeukia Yudith. "Na wewe, hasira yako ilikuwa ya haki kabisa. Lakini uliikumbatia ukaenda nayo nyumbani, ukangoja wenzako waaibike. Ukiona hatari, sema siku ile ile, tena kwa mtu anayeweza kuizuia."

"Ndiyo, mwalimu," alisema Yudith. Kisha akaongeza, "Lakini bado nimekasirika."

"Sikukatazi. Jumatatu njoo na hasira yako hiyo, tuyapitie maelezo neno kwa neno. Na safari hii mtu akifuta kitu, nataka nikusikie kutoka ofisini."