Mshahara Uliopungua Njiani

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Chiriku alichemsha maji akamkanda baba yake goti. Jina hilo la utani alipewa na kaka yake kwa sababu ya maneno yake mengi. Lakini tangu baba aanguke kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, hata Chiriku alikuwa amepunguza maneno. Mfupa uliunga vibaya. Daktari alisema bila upasuaji baba hatapanda ukuta tena, na mwashi asiyepanda ukuta ni mwashi wa jina tu.

Mama alifua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka. Ndiyo maana kaka alipopata kazi kwenye kiwanda cha sabuni, nyumba nzima ilishusha pumzi. Alitaja mshahara wake akiwa bado mlangoni. Baba akajiinua kitandani, akaugawa palepale: chakula, chumba, na kinachobaki chote kiende hospitali. Mama alikwenda kuomba tarehe ya upasuaji, akaahidi kupeleka malipo ya kwanza mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi ukafika. Kaka aliingia kimya, akaweka pesa mezani. Baba akahesabu, akarudia.

"Nyingine ziko wapi?"

"Ndizo hizo, baba. Wamekata kodi."

"Kodi?" Baba alikunja uso. "Kodi ya chumba hiki nalipa mimi na mama yako. Kumbe umepanga kwingine!"

"Si kodi ya nyumba, baba. Ni ya serikali."

"Kodi ya serikali wanalipa wenye maduka! Mimi nimeshika mwiko tangu ujana, nalipwa jioni mkononi, sijakatwa hata senti. Nani alikukata wewe? Sema ukweli!"

Kaka mwenyewe hakuelewa. Alipouliza kiwandani, mwenzake alimjibu tu, "Ndivyo ilivyo, zoea." Angeelezaje kitu asichokijua?

"Mwanangu mwenyewe ananiibia, nami na mguu wangu huu!" baba alisema, na sauti yake ilipasuka.

Kaka alikusanya nguo zake kwenye mfuko, akaenda kulala kwa rafiki. Chiriku alimfuata hadi kona ya barabara akimwita, lakini hakugeuka.

Siku ya upasuaji ilipita. Pesa hazikutosha, kitanda akapewa mgonjwa mwingine. Mama alifua bila kuimba. Baba aligeukia ukuta, na alipoletewa chakula alisema ameshiba. Chiriku alimkanda goti akihisi anakanda jiwe. Darasani alitazama ubao bila kuona kilichoandikwa.

Asubuhi moja baba aliomba mkongojo. "Nipeleke kiwandani," alimwambia Chiriku. "Nataka nimsikie huyo anayelipa."

Walipofika, wafanyakazi wa zamu walikuwa wakitoka. Baba hakungoja kuingia. "Mwanangu ananiibia!" alipaza sauti getini. "Nataka mhasibu!"

Watu walisimama. Kaka alikuwa katikati yao, ovaroli yake imegandwa na sabuni. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Chiriku alitamani ardhi immeze.

Mhasibu alikuwa mama mwenye miwani. Aliwaingiza wote watatu ofisini, akamvutia baba kiti.

"Mzee wangu, kijana wako hajaiba. Mshahara aliokutajia ni mshahara kabla ya makato. Sheria inatutaka tukate kodi ya mapato kwanza, tuipeleke serikalini. Haipiti kabisa mkononi mwake."

"Mbona nyingi hivyo?" baba aliuliza.

"Tuseme analipwa mia moja. Arobaini za kwanza hazikatwi kitu, ili mtu aweze kuishi. Kodi tunaihesabu kwenye zile sitini zilizobaki tu. Kama kiwango ni kumi kwa kila mia, kodi inakuwa sita. Anayelipwa zaidi, sehemu yake ya juu hukatwa kwa kiwango kikubwa zaidi. Huo ni mfano tu, lakini hesabu yake inakwenda hivyo. Halafu kuna akiba ya uzeeni. Hiyo nayo inakatwa, ila ni yake mwenyewe."

Chiriku hakuweza kujizuia. "Na hiyo kodi inakwenda wapi, wakati baba hana hata kitanda?"

Mhasibu alivua miwani. "Inajenga barabara, inalipa walimu wako na wauguzi. Haitoshi, na pengine haitumiki vizuri. Anayelipa ana haki ya kuuliza, mwanangu. Usiache kuuliza." Akamgeukia kaka. "Nasi tumekosa. Tulipokuajiri tulipaswa kukueleza."

Baba akashika mkono wa kaka uliochunika kwa magadi ya kutengenezea sabuni.

"Nilikuita mwizi mbele za watu."

"Ndiyo, baba," kaka alijibu, machozi yakimtoka. "Kukosa pesa ningevumilia. Lile neno ndilo lilinishinda."

"Nisamehe, mwanangu."

Jioni hiyo kaka alirudi nyumbani na mfuko wake. Upasuaji ulisogezwa miezi mingi mbele, na safari hii mama alipiga hesabu kwa pesa zinazofika mkononi. Baba angeendelea kulala na maumivu yake, na hakuna aliyejidanganya kuhusu hilo. Lakini walikula pamoja, na baba alimaliza sahani yake.

"Nisikilizeni," alisema. "Kabla hujaugawa mshahara, uliza utabaki kiasi gani baada ya makato. Na kabla hujamhukumu mtu, uliza pia. Mimi niliona pesa zimepungua, nikahukumu kabla ya kuuliza wanaojua, nusura nimpoteze na mtoto."