Safu ya Leso Nyekundu

Thuwaiba alipotoka shule, hakukuwa na kukaa kitako. Avue sare, ale muhogo wa mchana, kisha achukue ndoo amfuate mama yake matopeni. Ndivyo zilivyokwenda siku zake tangu akina mama wa kisiwa cha Ndau waanze kuurudisha msitu wa mikoko uliomalizwa kwa kukatwa boriti. Kila nyumba ilikuwa na safu yake ya kupanda, na mwanzo wa safu palisimama kijiti kilichofungwa kipande cha leso ya mwenye nyumba. Leso nyekundu ilikuwa ya Bi Hindu, mamake Thuwaiba.

Siku moja Bi Hindu alishikwa na mgongo. "Leo nenda peke yako, mwanangu. Zamisha kila mche mpaka usitikisike, umesikia?"

Miche yenyewe ilikuwa mirefu, ya kijani, kama bamia zilizopita kiasi. Matope yalimfika Thuwaiba magotini, na kila hatua ilimmaliza nguvu. Mikono ikalegea. Basi akawa anaichomeka juujuu, bora isimame tu, akamaliza upesi, akaenda zake kulala.

Asubuhi, njiani kwenda shule, aliiona miche yake ufuoni. Maji yalipojaa yaliing'oa yote, yakaitupa mchangani. Akapita kama hakuona.

Jioni nyumba ya Bi Hindu ilijaa wanawake, kahawa na maneno.

"Safu nyekundu haina hata mche mmoja!" alisema Bi Alawiya, ambaye habari haikumpita mlangoni. "Ni mbuzi wa Bi Umulkheir. Nani mwingine?"

"Mbuzi wangu nawafunga, wallahi," alijibu Bi Umulkheir, mjane aliyeishi kwa kuuza maziwa yao.

"Basi miche imepanda mashua ikaenda Kizingitini?"

Watu wakaangua kicheko.

"Awauze mbuzi, au atoke kwenye kikundi," mmoja akasema, na hapo hakuna aliyecheka tena. Bi Umulkheir akainuka kutafuta viatu vyake.

Thuwaiba, sinia ya vikombe mkononi, alihisi uchovu uliopita ule wa matopeni.

"Si mbuzi," akasema. "Ni mimi. Nilichoka, sikuizamisha. Maji yameichukua."

Bi Alawiya alikiweka kikombe chini. "Nisamehe, dada," akamwambia Bi Umulkheir. "Mdomo wangu huu!"

Kesho yake, maji yalipokupwa, Thuwaiba aliiokota miche ufuoni akaipanda upya, Bi Umulkheir kando yake. Ilichosha vilevile.

"Ungeniambia umechoka, tungengoja tukapanda pamoja," alisema Bi Hindu kutoka ufuoni, mkono kiunoni. "Kuchoka si kosa, mwanangu. Lakini umelipua kazi, ukanyamaza, na kimya chako nusura kimtoe mwenzetu kikundini. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabebeshwa lawama."

"Nimesikia, mama."

Thuwaiba akazamisha mche wa mwisho. Bi Umulkheir akausukuma kwa kidole.

Haukutikisika.