Aliyejibu Pembezoni mwa Ukurasa

Asubuhi ya Jumanne mkutubi alikuta orodha yake imepangwa upya, tena kwa mwandiko wake mwenyewe.

Ilikuwa kadi ndogo ya njano kwenye ubao wa pale mlangoni, ambako kila msomaji wa maktaba ile alikuwa huru kubandika riwaya tano za fantasia anazozipenda kuliko zote, pamoja na sababu zake. Watu walibishana kwenye ubao ule kuliko wanavyobishana kuhusu mpira. Kulikuwa na fundi bomba aliyekataa katakata kitabu chochote chenye joka linaloongea. "Joka likishaanza kuongea, mimi nimemaliza," aliandika. Kulikuwa na mama mmoja mstaafu aliyechukia kila mfululizo unaozidi juzuu tatu, akidai mwandishi wa namna hiyo hajui kuaga. Mkutubi naye alikuwa na msimamo wake, na kwa miaka kumi na mmoja haukutikisika: namba moja ni *Ngazi ya Zumaridi*, juzuu zote saba.

Jumatatu ndipo alipoiteremsha hadi namba mbili, juu yake akaandika *Mlinda Kisima*. Sasa *Ngazi ya Zumaridi* ilikuwa imerudi juu, na *Mlinda Kisima* haikuwepo kabisa. Mahali pake palikuwa pamekwaruzwa hadi kadi ikatoboka.

Alidhani fundi bomba anamtania. Akaandika kadi nyingine, akaenda kupanga vitabu.

Sasa tuseme ukweli kuhusu huyu mkutubi. Yeye aliyewafokea watu wazima kwa kukunja ncha za kurasa, yeye aliyemfukuza mzee wa watu kwa kupigia mistari kamusi, alikuwa na siri yake. Alikuwa anaandika ndani ya vitabu vya maktaba. Si vyote, *Ngazi ya Zumaridi* tu, kwa penseli, pembezoni mwa ukurasa. Tena alikuwa na wivu navyo kupita kiasi. Msomaji akija kuuliza juzuu ya kwanza, jibu lilikuwa lile lile, bila hata kuinua macho: "Imeazimwa." Haikuwa imeazimwa. Zote saba zilikaa kwenye droo ya meza yake, na ufunguo alitembea nao.

Ilianza katika juzuu ya pili, pale malkia anapouza kivuli chake. Aliandika kando: "Mjinga wewe! Mimi ningeuza jina." Baada ya wiki alirudi kwenye ukurasa ule, akakuta chini yake maneno madogo ya wino wa kahawia: "Jina lako halina bei."

Alicheka peke yake. Hakujiuliza nani alifungua droo. Alikuwa na miaka ishirini na minne, anaishi chumba kimoja, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno zuri namna ile. Akajibu. Akajibiwa. Miaka ikapita wakibishana kama juzuu ya nne ndiyo bora (walikubaliana ndiyo), kama juzuu ya sita ilirefushwa bure (yeye alisema ndiyo, mwenzake akanuna wiki mbili bila kuandika). Na siku alipomaliza juzuu ya saba kwa mara ya kwanza, huku machozi yanamdondoka, aliandika kwenye ukurasa wa mwisho: "Hakuna mwingine. Maisha yangu yote ni wewe tu." Alikuwa anaiambia hadithi, kama wasomaji tunavyofanya tukizidiwa. Kesho yake, chini, kulikuwa na neno moja la kahawia: "Nimekubali."

Aliolewa miaka miwili iliyopita na mwalimu wa jiografia, mtu mpole mwenye sauti nzito ya kubembeleza. Mwalimu alifungua *Ngazi ya Zumaridi* mara moja tu, akatazama ramani ya mwanzo, akasema, "Huu mto unapanda mlima. Nani kachora?" Akaifunga. Mkutubi alimnunia siku nne. Pembezoni, wino wa kahawia haukusema lolote kuhusu ndoa. Mume alikuwa mume tu, hakusoma.

Ila mwaka huu mwalimu, kwa kumpendeza mkewe, alileta *Mlinda Kisima* na kuanza kumsomea kila jioni wakati mkewe anapiga pasi. Hakuna joka humo, hakuna mteule. Kuna mtu tu anayelinda kisima hadi anazeeka, na walipofika pale wanakijiji wanapomsahau, mkutubi alilia mpaka akaunguza kola ya shati. Kwa mara ya kwanza alisikia kitabu kikija kwake kwa sauti ya mtu anayempenda. Kesho yake akaenda kubadilisha kadi.

Jioni ya Jumanne mwalimu alisoma nusu ukurasa akakohoa.

"Umesikia hiyo harufu?" aliuliza.

Ilikuwa harufu ya wino mbichi na waridi, nzito kama ya chumba alicholala mgonjwa. Mkutubi alisema ni sabuni. Alijua si sabuni. Jumatano sauti ya mwalimu ilikwaruza, na kila alipofikia mwisho wa ukurasa, wote wawili walisikia ukurasa mwingine ukigeuzwa mahali fulani chumbani, taratibu, kama mtu anayesoma nao na anayewasubiri. Alhamisi alipofungua kinywa kumwamsha mkewe, hakikutoka kitu.

Daktari alimulika koo, akasema ni zima kabisa. Naibu mkuu wa shule alikuja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema kwa heshima zote kwamba mwalimu asiye na sauti mbele ya watoto hamsini hana kazi, na kwamba wangemsubiri hadi mwisho wa mwezi.

Mwalimu, kwa kukosa la kufanya, akaanza kupangapanga nyumba. Ndipo alipokuta juzuu ya saba, ambayo mkewe alikuwa ameitoa kwenye droo na kuja nayo nyumbani, katika mkoba aliouacha mlangoni. Mkutubi aliporudi saa tisa alasiri, jua likiwa limejaa sebuleni, alimkuta ameketi na kitabu kimefunguliwa magotini, na karatasi mkononi ameandika kwa hasira hadi kalamu imechana: "Huyu mwanaume ni nani?"

"Simjui," mkutubi alinong'ona.

Mwalimu akaandika: "Mnaandikiana, halafu humjui?"

"Mume wangu, naapa. Nilidhani ni msomaji tu."

Akaandika tena: "Unamwambia 'Maisha yangu yote ni wewe tu.' Mimi hujawahi kuniambia hivyo."

Ilikuwa kweli. Wakati mkutubi amesimama, akitafuta neno ambalo mume angeliamini, mwalimu akamshika mkono ghafla, akamwelekeza ukurasani, na wote wakaona, mchana kweupe, pazia likiwa wazi na jirani nje akianika nguo, wino wa kahawia ukitokeza kutoka ndani ya karatasi yenyewe, herufi moja ikifuata nyingine bila kalamu na bila mkono, ukinuka waridi, ukisimama kidogo baada ya kila neno kama mtu anayevuta pumzi, mpaka sentensi ikatimia: "Mwambie mimi ni nani."

Mwalimu aliachia kitabu. Mkutubi alikidaka kabla hakijagusa sakafu, na mumewe aliliona hilo.

Mganga waliyeelekezwa alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Alikigeuza kitabu bila kukifungua.

"Mwanangu, ulimwambia nini?"

"Sikumwambia yeye, mama. Nilikiambia kitabu."

"Na aliyejibu nani?"

Mkutubi akanyoosha mkono, akamfungulia ukurasa wa mwisho.

"Jini mahaba huyu," mganga alisema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuamsha mtoto. "Ana wivu wake. Hajali unalala na nani. Anajali unasoma na nani. Mumeo angebaki na ramani zake, asingeguswa."

"Atatoka?"

"Muache. Mlikubaliana kwa maandishi, muachane kwa maandishi, palepale. Lakini uandike kweli. Ukimdanganya atajua, maana amekusoma wewe kuliko ulivyomsoma yeye. Na ukishamuacha usimjibu tena. Hata neno moja. Hata tusi."

"Nikichome?"

"Kitabu kimekosa nini?"

Kesho yake mkutubi alifunga maktaba saa ya chakula, akaketi mezani na juzuu ya saba. Mara harufu ikajaa. Kwenye rafu za nyuma kurasa zilianza kugeuka, kwanza kitabu kimoja, kisha rafu nzima, kisha rafu zote pande zote mbili, mlio kama wa watu wengi wanaonong'ona jina lake kwa pamoja, na kadiri alivyosogeza penseli ndivyo mlio ulivyokaribia, hadi akahisi pumzi ya mtu juu ya bega lake la kushoto, baridi, ikisoma kila herufi anayoiandika.

Aliandika: "Juzuu ya sita ni maji matupu, na sikurudia kulisema kwa sababu niliogopa ununaji wako. Malkia hampendi mtu yeyote tangu mwanzo hadi mwisho; nilimjazia moyo wangu nikadhani ni wake. Nilikupenda kwa sababu nilikuwa peke yangu. Sasa nina mtu. Nimekuacha."

Kurasa zikatulia zote kwa mpigo. Alisubiri jibu, na aibu yake ni kwamba alilisubiri kwa hamu. Halikuja. Alipofika nyumbani mwalimu alikuwa jikoni, anaimba.

Kwa shukrani, mkutubi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alitoa juzuu zote saba kwenye droo akaziweka rafuni, ziazimwe na yeyote. Alijiona mkarimu.

Wiki ya tatu, saa tano asubuhi, alikuja muuguzi kijana wa zahanati ya jirani kurudisha juzuu ya pili. Macho yalikuwa yanamng'aa.

"Dada, naomba inayofuata. Yaani hiki kitabu! Kesho naweka namba moja ubaoni." Kisha akainama, akashusha sauti. "Halafu kuna mtu ananijibu humo ndani. Usinicheke. Anaandika vizuri huyo mtu, sijapata kuona."

Hapo ndipo alipopaswa kumshika mkono yule binti na kumwambia yote. Maneno alikuwa nayo tayari mdomoni. Badala yake alimpa juzuu ya tatu, akampigia muhuri wa tarehe, akamtazama akitoka, kisha akafungua ile iliyorudishwa.

Mwandiko wa penseli wa muuguzi ulikuwa wa duara duara, wa kitoto. "Maskini malkia!" aliandika, kitu cha kipuuzi ambacho hata fundi bomba asingekiandika. Na chini yake, kwa wino wa kahawia, kwa upole ule ule: "Wewe ndiye wa kwanza kunielewa."

Mkutubi alisoma mara tatu. Moyo ukamwaka. Wa kwanza? Miaka kumi na mmoja ya juzuu saba, usiku na mchana, machozi yake yote, halafu huyu mtoto asiyejua hata kumsoma malkia vizuri ndiye wa kwanza? Alimkumbuka mganga, na alimkumbuka mumewe, akajiambia kwamba hili si jibu, ni kusahihisha tu, kazi ya mkutubi ni kusahihisha. Akachukua penseli.

"Mwongo. Wa kwanza ni mimi."

Harufu ya waridi ilipanda kutoka kwenye karatasi kabla hajainua mkono. Wino ulikuja haraka safari hii, bila kusita.

"Nilikuwa nakungoja."

Simu yake ikaita mezani. Alikuwa mwalimu, saa ambayo alipaswa kuwa anafundisha. Mkutubi aliipokea.

"Mume wangu? Sema basi. Sema chochote."

Upande wa pili kulikuwa na pumzi za mtu anayejitahidi. Nyuma yake watoto walikuwa wanacheka, wakidhani mwalimu wao anaigiza, kisha mmoja mmoja wakaacha kucheka.