Njia ya Kumpitisha Mzee Ramadhan

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi Juni 2025. Asubuhi hiyo baridi ya Eldoret ilikuwa ya kuuma masikio. Ukungu ulifunika mtaa wa Munyaka, na manyunyu yalianguka juu ya mabati.

Maximilla alipiga magoti kando ya kitanda akaombea semina. Yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani, na siku hiyo waliingojea tangu Machi. Wageni walikuwa wanatoka Cheptiret na Burnt Forest. Uwanja wa kanisa ulijaa matope, kwa hivyo hema lilisimamishwa njiani, kati ya kanisa na nyumba ya jirani yake, Mama Zuhura.

Kabla hajamaliza chai, alisikia kilio. Kilitoka kwa Mama Zuhura. Mumewe, Mzee Ramadhan, aliyekuwa mgonjwa kwa muda mrefu, alikuwa amefariki alfajiri.

Maximilla alikimbia, leso begani. Alimkumbatia Zuhura wakalia pamoja. Miaka mitatu iliyopita, mume wa Maximilla, Wakoli, alipofariki, Zuhura alilala kwake siku tisa, akipika na kuwaogesha watoto. Sasa ilikuwa zamu yake kumsaidia, naye hakutaka kabisa kumwangusha rafiki yake.

"Usijali, dada," alisema. "Yote niachie mimi. Mwili mmepeleka mochari gani?"

Zuhura alimtazama. "Yuko hapa ndani."

"Sawa, tutatafuta gari. Kamati itaketi kesho jioni. Mazishi tuweke Jumamosi ya wiki ijayo. Nipe picha yake moja nzuri ya kuweka kwa programu."

Zuhura alianza kumweleza, lakini Maximilla alikuwa ameshaelekea mlangoni. Wanawake waliokuwa wamemzunguka walitazamana.

Nje, Maximilla alikutana na Sista Jepkosgei. Huyu ni muuguzi mstaafu. Aliwahi kufanya kazi Garissa, kwenye Waislamu wengi, miaka kumi na minane, na anasali kanisa moja na Maximilla.

"Sista, utanisaidia kwa kamati ya mazishi?"

"Kamati gani? Mzee anazikwa leo."

"Leo hii? Hata jamaa hawajafika!"

"Leo, baada ya swala ya adhuhuri. Waislamu hawamcheleweshi marehemu bila sababu. Watamwosha, watamvika sanda, watamswalia. Halafu wanaume watambeba mabegani hadi makaburini. Hakuna kwaya, hakuna programu."

Maximilla alishika kichwa. "Yesu wangu! Nami nimemwomba picha!"

"Picha?" Sista alijizuia kucheka. "Afadhali hujamwambia habari ya kwaya."

"Nilikuwa narudi kumwambia."

Sista alimshika mkono. "Hukukusudia mabaya. Umempangia vile sisi huzika. Wangapi huambiwa kuna msiba, wanangoja siku ya kamati, na mzee ameshazikwa!"

Maximilla alitazama mlango wa Zuhura. Ingekuwa hivyo. Angekuwa kwenye semina akiimba, huku Zuhura akimzika mume peke yake. Kisha akawaza jambo lingine.

"Sista, watambeba wakipitia wapi?"

Wote wawili waligeuka. Hema lilikuwa limeziba njia yote, na spika mbili kubwa zilielekea nyumba ya msiba.

Walimkuta Pasta Phineas ndani ya hema pamoja na Cynthia, katibu wa akina mama. Maximilla aliwaeleza.

"Mwenyekiti, wageni wa Burnt Forest wako njiani!" Cynthia alisema. "Wenye msiba wapite nyuma, kwa jirani Oyugi."

"Nyuma kuna mtaro. Babako angebebwa hivyo, ungependa avushwe mtaro?"

Cynthia aliweka chini orodha ya wageni. Pasta alikuna kidevu.

"Lakini wenye hema watarudi jioni. Nani atalishusha?"

"Pasta, mikono tunayo."

Maximilla alifumba macho akaomba kimoyomoyo, maneno machache tu. Alipoyafumbua, Pasta alikuwa ameweka Biblia yake juu ya kiti na kuinama kufungua kamba ya kwanza.

Maximilla alirudi kwa Zuhura akaketi karibu naye mkekani.

"Dada, nisamehe. Nilikupangia bila kukuuliza. Unahitaji nini?"

"Maji," Zuhura alisema haraka. "Mfereji umekauka tangu Jumapili. Kuna kumwosha mzee, na watu watahitaji kutawadha. Na lile hema... Nimekaa hapa nikijiuliza nitawaambiaje watu wa kanisa."

"Linashuka sasa hivi. Na tangi la kanisa limejaa."

Zuhura alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. "Na hiyo picha ningekupa ipi? Ramadhan alikuwa akikimbia kamera kama mtoto anayekimbia sindano." Wakacheka kidogo, machozi yakiwatoka.

Wageni walipofika, walipewa mitungi badala ya viti. Walipanga mstari kutoka kwa tangi hadi uani kwa Zuhura. Purity, aliyekuwa akipikia semina jikoni kanisani, alitaka kupeleka mchuzi wa kuku.

"Hao kuku umewachinja wewe," Sista alimwambia. "Waislamu hula nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wao. Pika wali na maharagwe, na chai nyingi. Usipojua, uliza."

Baada ya swala, jeneza lilitoka. Wanaume walilibeba wakipokezana. Njia ilikuwa wazi. Akina mama wa kanisa walisimama pande zote mbili, kimya, vichwa vimefunikwa. Oyugi alimsogelea Idris, mwana wa marehemu.

"Naweza kushika?"

"Shika hapa, jirani."

Maximilla hakwenda nao. Alibaki ndani, amemshika Zuhura mkono.

Semina ilianza saa tisa, ndani ya kanisa, bila spika. Walibanana, lakini hakuna aliyelalamika. Walipokuwa wakimaliza, Idris alisimama mlangoni.

"Mama amenituma niwashukuru," alisema. "Amekula, na sasa amelala. Hakuwa amelala tangu juzi."

Cynthia alipangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake. Maximilla alisimama mbele ya Pasta, Sista Jepkosgei na wageni wote.

"Mwambie mama hivi, na nyinyi nyote ni mashahidi wangu. Msiba ukiingia nyumba yoyote mtaani, iwe ya Mwislamu, ya Mhindu au ya Mkristo mwenzetu, sitapanga lolote kabla ya kuwauliza wenyewe wanavyozika. Na njia hii hatutaiziba tena. Naahidi mbele za Mungu, na mbele yenu."