Hatua Ishirini na Mbili

Kila siku Dominika alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kuketi. Alichota maji, alikoka moto, alikoroga uji wa ulezi. Kisha alimfunga Bertilla mgongoni, akachukua jembe, akaenda shambani. Bertilla alikuwa na miezi minne. Aliyemtangulia, Leonsi, alikuwa hajatimiza miaka miwili. Juu ya hao walikuwapo wengine watano. Mwingine mmoja alikuwa amekufa na kuzikwa.

Mwaka ulikuwa 1977. Dominika na mumewe, Modesti, walikuwa wamekaa miaka mitatu katika kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Sumbawanga.

Mwezi wa Juni, baridi ilipokuwa kali, Leonsi akaanza kuvimba miguu. Uso ukamjaa kama wa mtoto aliyenenepa, lakini mikono ilikuwa myembamba. Nywele zikageuka rangi, zikawa nyekundunyekundu. Alilia kutwa. Hakutaka kula wala kucheza.

Bibi yake, Rozina, mama mzazi wa Modesti, akaja kumtazama. Alimgeuza huku na huku mbele ya majirani, kisha akasema, "Mtoto huyu amebemendwa."

Majirani wakainamisha macho. Kila mmoja alijua maana yake. Maana yake ni kwamba mama alikuwa na mambo ya nje wakati ananyonyesha, na mtoto ndiye anayelipa. Dominika hakuwa amemjua mwanamume mwingine zaidi ya Modesti. Alimtazama mumewe, akingoja aseme neno. Modesti alinyamaza. Dominika naye akanyamaza, kwa sababu mkwe hajibiwi, lakini alikasirika sana.

Siku mbili baadaye alimkuta binti yake mkubwa, Adela, mtoni akifua nepi. Ilikuwa saa nne asubuhi, na Adela alikuwa darasa la tano. Akamuuliza kwa nini hayuko shuleni. Adela akasema baba amemwambia mwalimu kwamba anamtoa shule, kwa kuwa Leonsi anaumwa na nyumbani hakuna wa kumbeba.

Dominika hakuwa ameambiwa lolote. Alimnyang'anya nepi mkononi.

"Nenda shule," akasema. "Sasa hivi. Na mikono hiyo hiyo yenye maji."

Kesho yake alfajiri alimfunga Bertilla kifuani na Leonsi mgongoni, akaenda zahanati. Hakuaga mtu.

Nesi wa pale aliitwa Atusaye, mwenyeji wa Mbeya. Alimpima Leonsi uzito. Akambonyeza mguu kwa kidole gumba, na kishimo kikabaki. Akauliza aliacha kunyonya lini.

"Nilipopata mimba ya huyu mdogo," Dominika akajibu. "Alikuwa na miezi tisa. Nyumbani wanasema nimembemenda."

Atusaye akaweka kalamu chini. Naye alikasirika, maana neno hilo alikuwa amelisikia mara nyingi.

"Sikiliza, mama. Hukumbemenda. Mtoto huyu alikatishwa ziwa mapema, akapewa uji mtupu. Uji mtupu unajaza tumbo lakini haujengi mwili. Ana njaa."

Dominika alishtuka. Kwake ugali haukukosekana hata siku moja. Atusaye akamweleza taratibu. Mtoto apewe maharage yaliyopondwa, karanga zilizotwangwa, yai likipatikana, na dagaa wa ziwani kutoka Kabwe wanaouzwa sokoni, watwangwe hadi wawe unga na kutiwa katika uji. Ale kidogo kidogo, mara tano kwa siku, na aletwe zahanati kila wiki. Bertilla naye asiachishwe ziwa mpaka afikishe miaka miwili.

"Nikipata mimba nyingine?" Dominika akauliza.

"Ndiyo maana nataka upumzike. Kati ya mtoto na mtoto ipite walau miaka mitatu. Mwili wako upate nguvu, na mtoto anyonye ashibe."

Akamwonyesha njia zilizokuwapo: vidonge, kitanzi, na kuhesabu siku kwa wale wanaotaka kufuata mafundisho ya kanisa. Kisha akatoa karatasi. Hapa, akasema, mume lazima aweke sahihi.

Dominika aliisukuma ile karatasi kando.

"Aliyebeba mimba nane ni mimi," akasema. "Na ruhusa ni ya Modesti?"

"Ndivyo tulivyoagizwa. Hata mimi sipendi. Mlete."

Modesti aliposikia alipandwa na hasira. Aliuliza ni nani aliyemtuma mkewe kwenda kusimulia mambo ya nyumbani huko. Akasema baba yake alizaa kumi na wawili na hakuomba karatasi kwa mtu.

"Watoto ni mikono, mama Adela. Mwenye mikono mingi halali njaa."

"Leonsi analala njaa," Dominika akajibu. "Nesi amempima. Mama yako alinivua nguo mbele ya watu, nawe ukanyamaza. Mtoto alikosa maziwa, baba Adela. Alikosa maharage. Mimi sikukosa heshima."

Modesti akatoka. Kwa siku tatu Dominika alitwanga karanga, alitwanga dagaa, alimlisha mwanawe kama alivyoagizwa.

Siku ya nne Modesti alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Bwana Basil, kuomba shamba la nyongeza. Alitaka kumwonyesha mkewe kwamba mikono mingi ina faida. Basil alimwambia ardhi ya karibu imekwisha. Walipohamia, mashamba yalizitosha kaya zote. Sasa watu tisa wameshaomba kabla yake, na darasa la kwanza peke yake lina watoto tisini. Ardhi ya wazi iko chini huko Mtowisa, bondeni, kwenye joto na mbu. Akitaka, ahame.

Modesti alirudi akimlaani Basil. Dominika alimwacha amalize.

"Twende shambani," akasema. "Tugawe hili tulilonalo."

Alikuwa akisoma elimu ya watu wazima, na kugawanya alikujua. Alisimama pembeni mwa shamba, akamwamuru Modesti apime upana kwa hatua. Hatua zilikuwa themanini na nane.

"Una wana wanne," akasema. "Kila mmoja atapata hatua ishirini na mbili. Tembea tuone."

Modesti akatembea. Ishirini na mbili ziliisha upesi. Alikuwa bado hajafika hata kwenye kichuguu cha katikati ya shamba. Aligeuka nyuma, akatazama ule ukanda mwembamba.

"Hapo ajenge, aoe, alime, alishe watoto wake," Dominika akasema. "Na mabinti watatu sijawahesabu. Unamtoa Adela shuleni ili aje kugombania nini hapa?"

Modesti aliketi juu ya tuta, kofia mkononi.

Jumatatu walikwenda wote zahanati. Atusaye alimweleza Modesti mambo yale yale bila kumficha kitu. Akaongeza kwamba hata nchi nzima ina shida hiyo: serikali ikijenga darasa moja, watoto wa kujaza madarasa mawili wameshazaliwa, dawa ikija ya watu mia, wanangoja mia mbili. Modesti aliuliza maswali mengi kuhusu vidonge, mengine kwa ukali, na yote yalijibiwa. Mwisho alibonyeza dole gumba kwenye karatasi. Dominika aliandika jina lake mwenyewe, herufi kwa herufi.

Kabla ya mvua za Novemba uvimbe wa Leonsi ulikwisha, akaanza kufukuza kuku uani. Miaka miwili ilipita, na Bertilla alinyonya mpaka akachoka mwenyewe. Dominika alipata nguvu ya kulima karanga na kufuga kuku wa mayai. Adela alimaliza darasa la saba. Rozina hakuomba radhi, na Dominika hakujifanya amesahau.

Jumapili moja, penye pombe ya ulezi, wanaume walimcheka Modesti. Wakasema amefungwa kamba na mkewe, ndiyo maana nyumba yake haina kilio cha mtoto mchanga. Modesti akasimama.

"Mimi nimezika mmoja, na wa pili nilikaribia kumzika huku sahani zimejaa ugali," akasema. "Nilimwacha mke wangu atukanwe kwa kosa langu. Anayetaka kucheka na acheke. Kisha anionyeshe wanawe watalima wapi."

Modesti aliiacha pombe yake, akaenda nyumbani.